Tryphosa na Diski Iliyopakwa Mafuta

Kanisani kwao Yamumbi, mtu akiwa na swali lolote la mashine alimwendea Tryphosa Musimbi, na Tryphosa alimjibu neno moja: "Virusi." Simu ikikataa kushika chaji, virusi. Printa ikitafuna karatasi, virusi. Spika ya kwaya ilipoanza kukoroma katikati ya harusi, Tryphosa aliinama akaikagua kwa nyuma, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, akasema virusi, na fundi wa spika mwenyewe akanyamaza kwa heshima.

Ukweli ni kwamba Tryphosa alijua kupiga chapa, kukoleza maandishi na kupiga mstari chini ya kichwa. Basi. Alikuja Eldoret kutoka upande wa Kakamega akiwa msichana, akafanya ukarani kwenye ghala la mahindi, na jioni akasomea kompyuta katika chuo kilichokuwa juu ya duka la mitumba. Muhula wa kwanza haujaisha, mwenye chuo alihama na kompyuta zake bila kuaga mtu. Wanafunzi walibaki na vyeti, kwa sababu vyeti walikuwa wamepewa siku ya kujiandikisha, ili kuwatia moyo. Ghala lilipofungwa kanisa likamchukua kuwa karani, akakitundika cheti chake kwenye ukuta wa ofisi. Kiliandikwa kwa herufi kubwa kwamba amefuzu. Amefuzu nini, hakuna aliyewahi kuuliza, naye hakuona haja ya kuanzisha maneno.

Hivyo ndivyo alivyoishi kwa amani mpaka sanduku lilipofika.

Sanduku lilitoka ng'ambo, kwa kanisa rafiki lililokuwa likisafisha stoo yake na kuita usafi huo msaada. Ndani mlikuwa na projekta, kompyuta ya mezani nzito kama jiwe la kusagia, na diski moja iliyong'aa kwenye kasha la plastiki. Diski hiyo ilibeba programu ya kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani. Kampuni iliyoitengeneza ilishafunga zamani, na kwenye mtandao programu yenyewe haikuonekana tena popote. Ilikuwa diski hiyo au hakuna.

Jumapili iliyofuata Mzee Jackson Mbuthia alisimama mbele. Mzee Jackson alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maendeleo, mtu wa tumbo la kuheshimika na duka la dawa za mifugo kule Kapseret, na hakuna jiwe la msingi lililowahi kuwekwa Yamumbi bila mkono wake kulishika.

"Watu wa Mungu," alisema, "mambo ya kushika vitabu imeisha. Sisi tumeingia digital. Sasa vile vitabu vyetu vyote vya nyimbo, tunapelekea ndugu zetu wa Moiben, kama sadaka ya imani!"

Kanisa zima likapiga makofi na vigelegele. Alasiri ileile vitabu vikapakiwa kwenye pikapu ya Mzee Jackson, vikaenda Moiben. Hakuna aliyekuwa amechomeka projekta kwenye umeme kuona kama inawaka.

Jumatatu asubuhi Tryphosa alikaa mbele ya ile kompyuta, Mzee Jackson amesimama bega la kulia na Pasta Kabiru bega la kushoto. Pasta Kabiru alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye tabia ya kusema "amina" hata mtu akimwambia chai iko tayari. Tryphosa alibonyeza, kitrei kikatoka, akailaza diski, kitrei kikaingia. Kompyuta ikaanza kuvuma. Ikavuma, ikakwaruza, ikasita, ikakwaruza tena kama kinu cha posho kilichomeza kokoto. Kisha kwenye kioo pakatokea kisanduku cha maandishi ya Kizungu.

"Inasema nini?" aliuliza Mzee Jackson.

Ilikuwa ikisema kwamba imeshindwa kuisoma diski.

"Inasema tungoje kidogo," alijibu Tryphosa.

Wakangoja. Pasta akasema amina. Kompyuta ikakwaruza kwa muda, kisha ikaleta kisanduku kilekile. Jasho likaanza kumtoka Tryphosa chini ya kitambaa cha kichwa, na neno lake la siku zote likamtoka lenyewe.

"Ni virusi."

"Virusi kwa diski mpya?" Mzee Jackson alikunja uso.

"Imepanda ndege, Mzee. Na unajua ndege inabeba watu wengi."

Jambo hilo liliwaingia wazee wote wawili vizuri kabisa. Pasta aliondoka polepole, mikono nyuma, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo. Mzee Jackson alimpigapiga Tryphosa bega akamwambia kanisa linamtegemea, na kwamba Jumapili kuna wageni.

Alipobaki peke yake, Tryphosa alikisoma kile kisanduku kwa mara ya kwanza bila haraka. Chini yake kulikuwa na vitufe vitatu. Cha kwanza kilimwambia ajaribu tena. Cha pili kilimwambia apuuze. Cha tatu kilimwambia aache. Alibonyeza cha kujaribu tena mpaka kidole kikachoka. Cha kuacha hakukigusa, kwa kuwa vitabu vilikuwa Moiben. Kikabaki cha kupuuza, na Tryphosa, ambaye alikuwa amekaa na kamati za kanisa miaka mingi na kuona mambo makubwa yakimalizwa kwa njia hiyo, alikibonyeza.

Mambo yakaenda! Ule mstari wa kijani ulioonyesha kazi imefika wapi ukatambaa kidogo, kisanduku kikatokea, akapuuza. Ukatambaa tena, akapuuza. Mwisho kompyuta ikatangaza kwamba imemaliza. Programu ikafunguka. Tryphosa akaandika nyimbo za Jumapili, akaona ubeti wa kwanza ukimwangazia ukutani, mkubwa na mweupe, akafunga ofisi akaenda nyumbani akiimba.

Jumapili ilipofika kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Taa zikazimwa, projekta ikawaka, ubeti wa kwanza ukatokea, na watu wakashusha pumzi kwa pamoja. Waliuimba kwa nguvu zote. Ulipokwisha, Tryphosa akabonyeza kwenda ubeti wa pili. Ubeti wa pili haukuja. Akabonyeza tena. Ubeti wa kwanza ulikaa palepale ukutani, haukutikisika, na watu, kwa kuwa hawakuwa na kitabu mkononi na hawakutaka kumwaibisha mtu mbele ya wageni, wakauimba tena. Wakauimba tena. Mpiga kinanda alijaribu kupandisha sauti ili ifanane na ubeti mpya. Akina mama wa mbele wakaanza kupiga makofi. Wakauimba mpaka wazee wakakaa chini mmoja mmoja, mpaka watoto wakaanza kuucheka, na Tryphosa nyuma ya kompyuta amebonyeza kila kitu kilichobonyezeka. Mwisho aling'oa waya ukutani.

Gizani ikasikika sauti ya Pasta Kabiru: "Amina. Roho alitaka tukae hapo hapo."

Wageni walikiri kwamba hawajawahi kuona ibada ya namna hiyo.

Jumanne Pasta alikuja ofisini na chupa ndogo. Alikuwa amefunga tangu wiki iliyotangulia kwa ajili ya vile virusi, macho yamemwingia ndani, na Tryphosa alipoona hivyo moyo ulimuuma. Neno lililosemwa ili kumwokoa yeye lilikuwa limemnyima mtu mwema chakula.

"Leta hiyo diski, dada."

Alimpa. Pasta aliishika kwa vidole viwili, akaomba, na maombi yalikuwa ya kweli, hayakuwa ya maonyesho. Kisha, kabla Tryphosa hajanyoosha mkono, akaimiminia mafuta. Akaigeuza, akaimiminia na upande wa pili. Mafuta yakatiririka mpaka kwenye daftari la mahudhurio.

"Sasa jaribu," alisema kwa upole.

Tryphosa aliipangusa ile diski na pindo la leso yake, akaizungusha mviringo kama anayepangusa sahani, akaiingiza. Safari hii kompyuta haikukwaruza. Ilivuma mara moja, ikanyamaza kabisa, kama mtu aliyetukanwa akaamua kutojibu.

"Imetulia," alisema Pasta, akaenda zake kunywa uji.

Kamati ya maendeleo ikaitwa. Mzee Jackson alifungua kikao kwa hotuba ndefu juu ya adui wa maendeleo. Mmoja akasema labda diski inataka umeme wa nguvu zaidi. Mwingine akasema ameona kwa macho yake nyumbani kwa shemeji yake diski ikiwekwa juani, ikapona. Ikapendekezwa kamati ndogo ichunguze, na kamati ndogo ikapendekeza chakula cha mchana. Ndipo Mzee Jackson akageuka.

"Tryphosa, wewe ndiye msomi wetu hapa. Tuambie. Shida iko wapi?"

Tryphosa alifungua mdomo kusema neno lake. Akamwona Pasta Kabiru amekaa pembeni, shavu limebonyea, anamsikiliza kwa imani yote. Neno likakataa kutoka.

"Sijui," alisema.

Watu walitazamana. Kwenye vikao vya kamati ile watu walikuwa wamewahi kusema "tutafuatilia", "linashughulikiwa", "tumuachie Mungu", hata "muulizeni aliyenitangulia", lakini hili lilikuwa jipya.

"Hujui kivipi?" aliuliza Mzee Jackson.

"Sijui, Mzee. Hata hiyo virusi nilisema tu. Sikuwa nimeiona."

Pasta Kabiru alimgeukia. "Hakukuwa na virusi?"

"Sijui, Pasta. Pole kwa kufunga."

Pasta akafikiri. "Si vibaya," alisema hatimaye. "Suruali zilikuwa zimenibana."

Kwa kuwa mwenye kuandika kumbukumbu za kikao alikuwa Tryphosa mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyejua neno kama lile linaandikwaje, aliandika kwamba karani aliahidi kufuatilia. Mzee Jackson naye alipewa kazi ya kwenda Moiben kuomba vitabu kwa heshima, angalau kwa kuazima. Alienda. Aliwakuta ndugu wa Moiben wamevitia vitabu vyote majalada ya khaki na kuchinja mbuzi wa shukrani, na yeye ndiye mgeni wa heshima. Alirudi jioni amekula mbuzi, amehutubia juu ya utoaji, na ameahidi kuwapelekea vingine.

Sasa Tryphosa aliona jambo la ajabu. Tangu aseme hajui, kichwa kilikuwa kimekuwa chepesi. Mtu anayejua hawezi kwenda kuuliza, lakini asiyejua anaweza kumuuliza yeyote. Akaifunga diski kwenye gazeti, akaenda mjini, akaingia jengo moja lenye mafundi ghorofa ya pili, kwa kijana aitwaye Kipyego aliyekuwa amezungukwa na mizoga ya kompyuta. Kipyego hata hakulifungua gazeti lote.

"Madam, hii imeenda," alisema. "Siku hizi nani anatumia CD? Nikuuzie laptop, iko clean kabisa, ilikuwa ya mzungu."

"Lakini haujaiangalia."

"Nimeona." Akaigeuza kidogo kwenye mwanga. "Na ni nani alikuwa anapika chapati juu yake?"

"Ni mafuta ya upako."

Kipyego akakohoa. "Sawa. Lakini mliipangusa vibaya. Ona hizi alama zimezunguka. Diski unapangusa kutoka katikati ukienda nje, moja kwa moja, haizungushwi. Hiyo laptop nikuwekee?"

Katika maneno yote ya siku ile, hayo ndiyo pekee aliyorudi nayo nyumbani. Usiku hakuyafanyia kitu, alilala. Lakini asubuhi, akiwa ofisini, macho yake yaliangukia diski ya kwaya, ile waliyorekodi mwezi uliotangulia, mpya, haijawahi kuguswa. Akajiuliza swali ambalo angepaswa kujiuliza Jumatatu ya kwanza. Kama diski ya nyimbo ni mbovu, hii si nzima? Akaitia hii ya kwaya kwenye kompyuta.

Kompyuta ikavuma, ikakwaruza, ikasita. Imeshindwa kuisoma diski.

Tryphosa alicheka peke yake mpaka mama aliyekuwa akideki kanisa akachungulia. Kumbe tangu mwanzo mgonjwa alikuwa mwingine! Ile mashine ya ng'ambo ilikuwa imekaa stoo miaka nenda miaka rudi, jicho lake la kusomea limejaa vumbi, na diski ilikuwa imefungiwa mfungo na kupakwa mafuta kwa kosa lisilo lake.

Ilibaki kutafuta kompyuta nyingine yenye mahali pa kuingiza diski, na katika Yamumbi nzima hakukuwa na hata moja. Lakini alikumbuka moja iliyokuwa Kapseret, dukani kwa Mzee Jackson, juu ya meza yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua. Mzee Jackson huipangusa kila asubuhi na kuweka kalenda juu yake.

"Hiyo?" Mzee Jackson alishtuka. "Hiyo ni ya ofisi."

"Inawaka, Mzee?"

"Kwa nini isiwake? Ni mpya." Ilikuwa na umri wa kwenda darasa la tano, lakini plastiki ya kiwandani ilikuwa bado kwenye kioo.

Iliwaka. Tryphosa akatia diski ya kwaya, na sauti za soprano zikajaa dukani katikati ya dawa ya kupe na chumvi ya ng'ombe, mpaka mkulima mmoja aliyekuja kununua dawa ya minyoo akavua kofia. Akatia diski ya nyimbo. Kimya. Lakini sasa hakuogopa, kwa sababu kimya hiki alikijua kilikotoka.

Aliomba beseni, maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo. Mzee Jackson alisimama kumtazama akiiosha ile diski kwa vidole, taratibu, mbele na nyuma, kama mtoto mchanga. Akaisuuza, akaikung'uta, akaikausha kwa kitambaa laini cha miwani ya Mzee, kutoka katikati kwenda nje, moja kwa moja, bila kuzungusha.

"Mimi nikiona mtu anaosha kompyuta," alisema Mzee Jackson, "nitajua siku za mwisho zimefika."

Kompyuta ya maua ikaipokea diski, ikavuma sauti moja laini, ikaifungua. Tryphosa hakuijaribu bahati. Alinakili kila kilichokuwa ndani yake kwenye flashi, akaichomeka flashi kwenye kompyuta ya kanisa alasiri ileile, akaiondoa ile programu iliyolemaa, akaiweka upya. Mstari wa kijani ukapita kutoka mwanzo hadi mwisho bila kisanduku hata kimoja. Alijaribu ubeti wa pili. Ukaja. Wa tatu ukaja. Akakaa kitini akauangalia mpaka kioo kikajizima chenyewe.

Jumapili nyimbo zilipita ukutani ubeti kwa ubeti, na kanisa likaimba kwa furaha iliyochanganyika na mshangao, kwa kuwa wengi walikuwa wamesahau nyimbo zina ubeti wa nne. Mzee Jackson alisimama kuishukuru kamati ya maendeleo, na hasa kampuni moja ya Kapseret, ambayo hakupenda kuitaja, kwa kutoa mitambo yake. Pasta Kabiru alishukuru kwa maombi yaliyojibiwa, akaongeza kwamba mafuta nayo hayakupotea bure. Tryphosa aliposimama watu wakampigia makofi, na jirani mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba yule mama huosha virusi kwa sabuni.

Maneno hayo yalifika mbali kuliko mahubiri. Kuanzia Jumatatu watu walianza kubisha mlango wa ofisi wakiwa na diski kwenye bahasha, kwenye kanga, kwenye mifuko ya sukari. Harusi za zamani, mazishi, sinema za ngumi, masomo ya kuendesha gari. Nyingine zilikuwa zimetumika kufukuza ndege shambani na bado zilikuwa na kamba. Tryphosa aliosha. Zilizopona zilipona, na zilizokwaruzwa hadi ndani aliwarudishia wenyewe akawaambia hii sitaiweza, na hakuna mbingu iliyoanguka. Mzee Jackson alichoka kuwaona watu dukani kwake wasionunua hata kidonge, akaipeleka ile kompyuta ya maua kanisani "kwa muda", na akaomba kitambaa kirudi.

Siku moja akaja Mama Wahu, bibi wa Kapseret mwenye ng'ombe watatu na sauti ya kuwaita hao ng'ombe kutoka kilima cha pili. Alikuwa amemzika mumewe, Mzee Githinji, mwaka uliotangulia.

"Hii ni harusi ya Cate wetu," alisema akitoa diski iliyofungwa kwenye kitambaa cha maziwa. "Ilikataa kuonyesha siku nyingi. Baba Cate alikuwa anasema imelaaniwa, tuitupe. Mimi nilificha."

Tryphosa aliiosha, akaikausha, akaitia. Ikasoma. Hema likatokea, watu waliovaa nadhifu, bibi harusi, keki. Mama Wahu alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo. Kamera ikazunguka nyuma ya hema, na pale, kwenye kreti ya soda, alikuwa amekaa Mzee Githinji mwenyewe, koti limefunguliwa vifungo, sahani ya nyama magotini, anakula kwa bidii ya mtu anayejua hatazamwi.

Mama Wahu aliruka.

"Baba Cate! Wewe!" Akageuka kwa Tryphosa, mkono kifuani. "Miaka yote hii! Miaka yote amekuwa ananiambia siku ya Cate hakuonja kitu, ati alishinda njaa akihudumia wageni, na mimi nimeacha watu wake bila kuwahudumia! Kila Krismasi ananiambia! Na ona, ona hiyo mbavu!"

"Ndio maana alitaka itupwe," alisema Tryphosa.

"Ndio maana! Muongo huyu!" Alikuwa akicheka mpaka mabega yanatikisika, na machozi yakamteremka akayaacha. Kwenye kioo Mzee Githinji alilamba kidole, akatazama kushoto, akatazama kulia, akainuka kuongeza nyama, akatoka nje ya picha. Wakabaki wakitazama kreti tupu.

Mama Wahu akajifuta uso na kile kitambaa cha maziwa.

"Rudisha kidogo," alisema. "Hapo anapokaa."

Tryphosa akarudisha.